Nafasi Aliyoiacha Mpima

Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kukatika, Fundi Saa alifunga duka lake saa sita kamili za mchana, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na miwili. Alipangusa meza. Kile kioo cha kukuzia anachokibana jichoni akakirudisha katika kijaluba chake, akazifunika saa nne za wateja kwa kitambaa zisiingie vumbi, kisha akateremsha mlango wa bati. Akatoka na mfuko wake wa turubai, ndani mna glavu mbili nene za ngozi, kinga za miguu na taulo.

Jina lake kamili limeandikwa katika daftari la klabu ya kriketi, kwa wino, na limeandikwa sawasawa. Lakini aliyekuwa akimwita kwa jina hilo ni marehemu mkewe tu, na tangu afariki lilikuwa halijatamkwa. Wengine karibu wote walimwita Fundi Saa, au Fundi.

Klabu yao ilikuwa ya watu wa kazi, si ya mabingwa. Kapteni alikuwa mwalimu wa hesabu. Mrushaji wao mwenye kasi alikuwa Kinyozi, ambaye kila mpigaji mpya akiingia uwanjani alimwuliza kama angependa kupunguzwa au kunyolewa kabisa. Fundi Saa alikuwa mlinda wiketi: yule anayechuchumaa nyuma ya vijiti vitatu na kupokea kila mpira ambao mpigaji ameukosa. Na kuliani kwake, hatua tatu tu, ndipo ilipo nafasi waiitayo slipu. Asimamaye hapo kazi yake ni kudaka mpira uliochubua ukingo wa gongo la mpigaji na kubadili njia.

Watu hawa wawili hukaa pamoja mchana kutwa, na huzungumza sana. Ila hawatazamani. Macho ya mlinda wiketi hayabanduki kwenye mkono wa mrushaji, na ya mwenzake hayabanduki kwenye ukingo wa gongo. Ukigeuza shingo, mpira umekupita, au umekukuta usoni.

Kwa miaka yote hiyo slipu alikuwa Mpima, mtu mrefu aliyekuwa akipima mashamba na viwanja vya watu, kofia yake imepauka kwa jua, peremende haimtoki mdomoni. Kila Jumamosi Fundi Saa alimsikia kwa saa nzima nzima. Uso wake aliuona wakati wa chai tu.

"Ndoa nyingi zinavunjwa na kutazamana, Bwana Saa," Mpima alikuwa akisema. "Sisi wawili tutadumu."

Mpima alikufa katikati ya mvua, kwa homa ya mapafu, siku nne tu kitandani. Siku ya maziko Fundi Saa alisimama nyuma kabisa, karibu na geti. Watu walipoitwa wapite kumwona marehemu kwa mara ya mwisho, hakwenda. Alijiambia kwamba foleni ilikuwa ndefu.

Basi Jumamosi ile Kapteni alimfuata akiwa anafunga kinga za miguu.

"Fundi, leo slipu naiacha wazi. Sina mtu. Utaweza kufunika?"

"Nitajitahidi, Mwalimu."

"Usijitahidi sana. Magoti hayo hayana vipuri."

Jua lilikuwa kali, majani yamekatwa asubuhi hiyo hiyo. Katika mpira wa kumi na tano au kumi na sita, Fundi Saa akiwa amechuchumaa, sauti ikasema kwa chini upande wake wa kulia:

"Mpigaji huyu mkono wake wa chini umelegea."

"Nimeuona," Fundi Saa alijibu. "Tangu alipoingia."

Mrushaji alikuwa amekwisha kuanza kukimbia ndipo Fundi alipotambua amejibu nini. Jasho likampoa mgongoni. Hakugeuka. Mpira ulikuwa unakuja.

Uligusa ukingo wa gongo, ukaruka katikati, kati yake na ile nafasi tupu. Kwa wachezaji wa sehemu hiyo, mpira wa namna hii una kanuni moja: mmoja aite upesi, yangu au yako, kabla hawajagongana. Miaka ishirini na miwili ya mazoea ilimfungua kinywa.

"Yako!"

Akaurudisha mkono wake.

Akasikia mpira ukipiga nyama ya viganja. Mlio ule anaujua kila aliyewahi kudaka. Kisha mpira ukaanguka chini wima, ukatulia kwenye majani. Haukudunda. Haukubingirika hata shubiri moja.

Kinyozi alikuja ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Fundi! Yako nani? Umemwachia malaika?"

Timu nzima ikacheka. Fundi Saa naye akacheka kidogo. Kapteni peke yake hakucheka. Aliuokota mpira, akautazama, akatazama uzio kwa mbali.

"Huu ulikuwa unakwenda mpaka kule," alisema. "Umekwamaje hapa?"

Usiku ule Fundi Saa alipika chakula cha mtu mmoja, akala mbele ya redio, akaosha sahani moja. Hakuogopa, na hilo ndilo lililomshangaza. Alikuwa akiihesabu Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kama mtu anayengojea barua.

Jumamosi iliyofuata sauti ilikuwapo. Na iliyofuata. Walizungumza kama zamani: mpigaji gani anaogopa mpira mfupi, saa gani za siku hizi hazifai hata kufunguliwa. Fundi aliisimulia mambo ambayo hakumwambia mtu. Kwamba alikuwa bado akilala upande wake mmoja wa kitanda. Kwamba siku nyingine dukani sauti ya kwanza kutoka kinywani mwake ilikuwa ya saa kumi jioni, akimwambia mteja karibu. Alikuwa akinong'ona bila kugeuza shingo, na wenzake, waliomwona akichezesha midomo, walidhani mzee anajihimiza.

Bintiye alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Aliishi na mumewe katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa gari.

"Baba, chumba kipo. Tumekipaka rangi. Mjukuu wako ameanza kutembea na hakujui hata sura."

"Msimu ukiisha, mama."

"Ulisema hivyo msimu uliopita."

"Safari hii nasema kweli."

"Basi mimi nakuja na gari, Jumapili baada ya mechi yenu ya mwisho. Nikikukuta hujafunga mzigo, baba, sitakuuliza tena. Nimechoka kuonekana kama nakuomba."

Fundi alimwambia Mpima. Mipira sita ikarushwa. Kisha:

"Usiende. Nitasimama na nani?"

Maneno yale yalimwingia. Lakini yaliingia kutoka karibu mno. Fundi Saa ni mtu wa vipimo vidogo, na akiwa njiani kurudi nyumbani alipiga hesabu. Jumamosi ya kwanza sauti ilikuwa hatua tatu, pale pale pa slipu. Kisha mbili. Leo ilikuwa hatua moja.

Tena hakuwahi kusikia harufu ya peremende.

Mechi ya mwisho wa msimu ilichezwa mchana mweupe, anga halina wingu. Nyumbani kwake mzigo ulikuwa nusu: sanduku limefunguliwa juu ya kitanda, mashati mawili ndani, mengine kwenye kabati. Alikuwa hajaamua. Alikwenda uwanjani ili aamue.

Aliuweka mguu wake nyuma ya vijiti, akachuchumaa.

"Nitazame," sauti ikasema.

Ilikuwa sikioni. Haikuwa na pumzi. Sikio lake la kulia lilipoa kama lililoguswa na kijiko kilichotoka kwenye maji baridi.

Mpima asingesema hivyo. Katika miaka yote, hata nyuki alipomtambaa shingoni, Mpima hakumwambia geuka. Alijua mpira unafanya nini kwenye uso wa mtu aliyegeuka. Hilo lilikuwa jambo la kwanza kufundishana, na la mwisho ambalo mmoja wao angelisahau.

Kama si Mpima, basi miezi hii yote alikuwa akimsimulia nani?

Mpigaji mpya akaingia, karani wa posta mwenye mwili mkubwa. Kama wapigaji wote wafanyavyo, aligeuka nyuma kuona wadakaji wamesimama wapi, ajue pa kuupeleka mpira. Macho yake yakapita kwa Fundi. Yakasimama kidogo kando yake.

"Samahani, mzee," alisema polepole. "Huyu mwenzako anacheza mchezo gani?"

"Yupi?"

"Huyu hapa. Mbona haangalii huku kwetu? Kakugeukia wewe."

Fundi Saa alikaza glavu. "Cheza, ndugu yangu," akasema. "Cheza tu."

Karani alitazama tena, mara moja. Kisha akageukia mbele upesi, akalishika gongo lake kwa nguvu, na hakugeuka tena.

Kinyozi alianza kukimbia kutoka mbali.

"Nitazame."

Hatua za Kinyozi. Moja. Mbili.

"Siku ile hukunitazama. Wote walipita. Wewe ulisimama getini."

Ni kweli. Alisimama getini. Hapakuwa na mtu aliyejua jambo lile, wala mtu aliyemwuliza.

"Mara moja tu, Bwana Saa."

Hilo ndilo jina ambalo Mpima alikuwa akimwita. Mpima peke yake.

Shingo yake ikaanza kwenda. Hakuiamuru. Ilikwenda yenyewe, taratibu, kama mshale wa dakika. Ukingoni mwa jicho lake akaona kitu cheupe, kirefu, kimeinama usawa wa uso wake. Moyoni akamwona mjukuu ambaye hajapata kumwona. Akaona lile sanduku lililo wazi juu ya kitanda.

Akafumba macho.

Akayafumba kwa nguvu zote, mpira ukiwa hewani.

Alipozinduka alikuwa chali kwenye majani. Kinyozi amepiga magoti, amemkandamiza taulo kwenye paji la uso, na taulo limelowa damu. "Umefumba macho, Fundi!" alikuwa akisema, karibu kulia. "Nimekuona! Mlinda wiketi gani anafumba macho?"

Fundi Saa alisikiliza upande wa kulia. Palikuwa kimya. Kimya kile alikijua; kilikuwa kama cha nyumbani kwake.

Zahanati walimshona nyuzi saba. Daktari alipomaliza, alimgeuza uso kwenye mwanga, akasita.

"Mpira umekupiga juu ya nyusi," alisema. "Na hapa alikushika nani?"

Kwenye shavu la kushoto palikuwa na alama nne ndefu, nyeusi kama damu iliyovilia. Chini ya taya la kulia palikuwa na moja, fupi na nene.

"Hatukumgusa uso, Daktari," Kapteni alisema. "Tulimbeba mabega na miguu."

Bintiye alifika Jumapili akakuta mizigo yote imefungwa, imepangwa mlangoni. Wakapakia, wakaondoka. Siku ya tatu, akimsafisha kidonda, ndipo alipozitazama zile alama vizuri. Akajaribu kuweka vidole vyake juu yake, na akiwa mbele ya baba yake mkono haukukaa. Ikambidi azunguke. Ikambidi asimame kuliani kwake, karibu sana, apitishe mkono mbele ya uso kama mtu anayetaka kumgeuza mwenzake amtazame. Hapo vidole vikakaa, vyote vitano.

Ila vyake vilifika nusu tu.

Aliuondoa mkono, akaendelea kusafisha kidonda.

Huu ni mwaka wa nne. Kovu la paji limekuwa uzi mwembamba, huwezi kuliona usipoambiwa. Mjukuu anakwenda shule. Fundi Saa ana meza yake ndogo karibu na dirisha, na majirani humletea saa. Wanamheshimu, wanamsalimia, na hawakai. Zile alama tano hazijafutika. Daktari wa pale alisema ngozi ya wazee hukawia.

Mwezi uliopita, akinyoa ndevu asubuhi, Fundi Saa aliona kwamba ile ya gumba haipo tena chini ya taya. Imepanda mpaka kwenye pembe ya mdomo.

Alisimama mbele ya kioo mpaka povu likakauka usoni. Sebuleni bintiye alikuwa anamfunga mtoto viatu, mkwewe anatafuta funguo. Alitaka kumwambia mtu. Aliwapitia mmoja mmoja moyoni, wa nyumba hii, na wa mji ule alioutoka, na wa timu. Mtu pekee ambaye angeweza kumsimulia jambo la namna hiyo, akasikilizwa mpaka mwisho, alikuwa Mpima.