Majivu ya Wifi

Jiko lilifika likiwa na joto.

Asenath aliweka kiganja juu ya mfuniko, akakiondoa upesi. Mbingu ya Garsen ilikuwa imefunga mawingu tangu alfajiri, na manyunyu yalikuwa yamelilowesha jiko njia nzima, juu ya mkokoteni wa punda kutoka Golbanti.

"Mbona lina moto?" aliuliza.

"Ni kauri hiyo, wifi," Metrine alijibu akicheka. "Kauri haisahau upesi. Ama umezoea majiko yako ya bati, yanapoa kabla samaki hajageuzwa?"

Asenath naye akacheka. Hakuwa amecheka sana tangu mafuriko yamchukue mumewe, Komora. Metrine alikuwa dada yake Komora, wa tumbo moja. Ndiye aliyemshika mkono kaburini akamwambia, "Kaka yangu ameenda, lakini mimi nipo." Sasa alikuwa amemuuzia jiko hili lililotoka katika hoteli moja iliyofungwa upande wa Kipini. Lilikuwa kubwa, la kijani, lenye tumbo kama mtungi, mfuniko mzito wa bawaba, na tundu la hewa chini. Mjane anayechoma samaki kando ya stendi angeomba nini zaidi?

Akaufungua mfuniko. Majivu yalijaa hadi nusu.

"Hukuyamwaga?"

Kwao, jiko lililotumika halihami na majivu yake. Anayeuza huyamwaga kwa mkono wake, kwenye shamba lake, ndipo alitoe. Majivu ni ya nyumba, kama jina lilivyo la nyumba.

"Ukiyamwaga, kauri itapasuka kwa moto wa kwanza," Metrine alisema. "Yaache. Washia juu yake."

"Na desturi?"

"Asenath! Mimi na wewe ni nyumba mbili?"

Maneno hayo yalimgusa. Akawasha mkaa juu ya majivu ya Metrine.

Kambale waliiva vizuri, na wateja wakasifu. Lakini kila jioni, baada ya kufunga mfuniko na kuziba tundu la hewa ili moto ufe, harufu ya nywele zilizoungua ilitoka, ikaingia ndani hadi kwenye shuka. Asubuhi jiko lilikuwa bado na joto. Na ukisimama karibu nalo, ulisikia kitu kikivuta pumzi taratibu, kama mtu aliyelala.

Asenath alisali. Akanyunyiza maji, akasali tena.

Jioni moja aliingia ndani kuchukua chumvi. Aliporudi alimkuta Hope, binti yake wa pekee, amechuchumaa mbele ya jiko, sikio kwenye tundu.

"Unafanya nini?"

"Shhh," Hope alinong'ona. "Baba anasema ana baridi."

Asenath alitaka kumvuta mtoto lakini akasita, maana kutoka katika lile tundu dogo, lililozibwa kwa kizibo chake na lisilo na njia hata ya moshi, ilitoka sauti ya Komora, sauti ile ile ya kukwaruza kidogo aliyokuwa nayo akitoka shambani jua likizama, ikimwita kwa upole, Mama Hope, Mama Hope, maji yalikuwa baridi sana, nipe mtoto nimshike kidogo tu, nami nitakurudishia, na jinsi ilivyozidi kubembeleza ndivyo mkono wa Hope ulivyozidi kusogea kwenye mfuniko.

Akamnyakua. Kiganja cha mtoto kilikuwa kimeiva kwa moto, na mtoto hakuwa analia.

Siku ya pili alikwenda na Hope kwa Mzee Gollo, Muorma anayejulikana Garsen kwa kuwasomea wenye majini. Alikwenda akiona haya, msalaba wake shingoni. Mzee hakuuangalia msalaba. Alimshika Hope kichwani, akasoma.

"Hii si ya kufukuzwa na kelele," alisema. "Iliingia kwako kwa mkono, itatoka kwa mkono. Yale majivu mrudishie mwenyewe. Ayapokee, mikono miwili."

"Nitayapeleka leo."

"Ngoja, mama. Usimsamehe kabla hajayapokea. Wewe, wala mtu yeyote wa nyumba yako. Ukisamehe, umeiacha haki yako. Na jini atakuwa wenu."

"Mzee, sisi kila siku tunaomba tusamehewe kama tunavyosamehe."

"Najua. Basi fanya haraka."

Asenath aliyazoa majivu yote, akayatia katika kopo, akaenda Golbanti. Kopo lilikuwa na moto kana kwamba limetoka jikoni sasa hivi. Uani alimwona Menza, mtoto wa Metrine, akipiga mpira. Mtoto huyu alikuwa amelala kitandani kwa homa msimu mzima.

Metrine aliliona kopo. Akaufunga mlango, akabakisha ufa.

"Ulijua," Asenath alisema.

"Menza alikuwa anaungua, wifi. Kila siku anaungua. Hospitali hawakuona kitu. Nikaambiwa nilitoe jiko na majivu yake."

"Ukanipa mimi. Ukampa mtoto wa kaka yako!"

"Nani mwingine angekubali?" Metrine alikuwa analia. "Hakuna mwingine aliyekuwa akiniamini."

"Yapokee."

"Siwezi."

"Metrine, yapokee!"

Ufa ukafungwa.

Jumapili Asenath aliingia kanisani na Hope, kopo amelifunga kwa leso, kwa sababu hakuthubutu kuliacha nyumbani. Kabla ya mahubiri mlango ulifunguliwa. Metrine alipita katikati ya benchi akiwa peku, akapiga magoti mbele ya watu wote.

"Nimemkosea wifi yangu," alisema. "Nimekuja kuomba msamaha mbele ya Mungu."

Asenath alielewa. Wifi yake naye alikuwa ameambiwa jinsi ya kufunga mlango huu: kwa msamaha.

"Mama Hope," mchungaji alisema kwa upole, "kanisa linakungoja."

Asenath alisimama. Akasogea, akamnyooshea kopo. "Pokea hii kwanza."

Metrine aliificha mikono ndani ya kanga. Minong'ono ikaanza.

"Anaombwa msamaha, yeye analeta kopo," mama mmoja alisema nyuma. "Na meza ya Bwana anashiriki!"

"Pokea kwanza," Asenath alirudia. "Nakuomba, Metrine. Mikono miwili. Nitakusamehe papo hapo."

Metrine aliinamisha kichwa, akalia kwa sauti.

Hope alimpenda shangazi yake. Hakuwahi kumwona akilia hivyo. Aliteremka kwenye benchi kabla mama yake hajageuka, akamkumbatia Metrine shingoni.

"Usilie, shangazi," alisema. "Sisi tumekusamehe."

Kanisa zima likaitikia amina.

Metrine aliinuka. Hakumtazama wifi yake machoni; alipangusa uso, akatoka. Mikononi mwa Asenath, kopo lilikuwa limepoa ghafla kama jiwe la mtoni.

Hope akarudi mbio, akautia mkono wake mdogo ndani ya mkono wa mama yake. Asenath hakuuachilia, ingawa ulimchoma.