Rangi ya Matamvua

Kila Jumamosi asubuhi, akishamaliza kuchota maji na kufagia uwanja, Chirau alichukua kikapu cha mama yake akashuka dikoni, mahali wavuvi wa Msambweni waliposhusha samaki. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mwaka huo wa 1955 majirani walimsifu kwamba hajapata kuleta nyumbani samaki mbovu.

Hawakuijua siri yake. Wanunuzi wengine walifunua shavu la samaki na kutazama matamvua yaliyo ndani. Yakiwa mekundu, samaki ni wa leo. Yakigeuka rangi ya kahawia, ameharibika. Kwa macho ya Chirau yote yalikuwa rangi moja ya tope. Siku moja alichuma pilipili changa akidhani zimeiva, na rafiki yake Tembo akamcheka mpaka jioni. Tangu hapo aliona haya kusema. Alijifanya anatazama matamvua, kumbe ananusa.

Jumamosi hiyo alikuwa na mafua, na pua yake imeziba kabisa.

"Shikamoo, Mzee Suleiman," alimwamkia mvuvi mzee aliyeshikilia kamba ya mashua, matenga yake mawili ya samaki yakiwa mchangani.

"Marahaba, mwanangu. Chagua mwenyewe, mimi nashika kamba hii. Lakini tenga moja ni la chambo cha mitego yangu ya madema. Ukifunua shavu tu utalijua."

Chirau alifunua shavu katika tenga la kwanza, akaona tope. Akafunua katika tenga la pili, akaona tope. Angeweza kuuliza, lakini Tembo alikuwa amesimama karibu. Akachukua haraka samaki sita aina ya changu walioonekana wamenona.

Hawakuwa wamenona. Walikuwa wamevimba.

Nyumbani, mama yake, Bi Biasha, alikuwa anakuna nazi kwa ajili ya wageni wa hitma ya kumwombea marehemu babu. Alipofunua kikapu alirudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Akamshika samaki mmoja kwa ncha za vidole. Ute ukavutika kama uzi, tumbo likapasuka, na funza weupe wakaanguka juu ya mguu wake.

"Chirau, uliyatazama matamvua?"

"Niliyatazama, mama. Yalikuwa mekundu."

"Basi Suleiman amekubadilishia. Mtu mzima, hana hata haya."

Akaziba pua kwa leso, akakibeba kikapu mpaka dikoni, akawamwaga samaki wale mchangani mbele ya miguu ya Mzee Suleiman. Inzi wakatua papo hapo. Watoto wakatema mate. Mwanamke mmoja akageuka kando na kutapika.

"Hiki ndicho cha kuwalisha watu katika hitma ya baba yangu, Kaka Suleiman?"

"Bi Biasha, hawa ni wa chambo. Nilimwambia mtoto."

"Mtoto asema matamvua yalikuwa mekundu. Mwanangu hasemi uongo."

Mzee Mbwana, msimamizi wa diko, alikuja akiwa ameziba pua. Kila mtu aliijua desturi ya pale: anayeuza kibovu kwa chakula cha watu, tenga lake hupinduliwa, naye hauzi tena katika diko hilo. Vijana wawili walikwisha kulishika tenga la Suleiman. Mzee Suleiman hakuwa na kazi nyingine. Alisimama akiitazama mikono yake iliyopasuka kwa chumvi.

Chirau hakuisikia harufu iliyowafanya watu wazibe pua. Hata hivyo alichukizwa. Kilichomchukiza hakikuwa pale mchangani. Kilikuwa kinywani mwake.

"Msilipindue," alisema. "Aliniambia. Mimi siuoni wekundu wa matamvua, sijawahi kuuona. Huwa nanusa tu, na leo nina mafua. Nilimdanganya mama."

"Kipofu huyo," Tembo akasema, na wengine wakacheka.

Nzai, dresa wa hospitali, mfungaji wa vidonda, alikuwa hapo akinunua samaki. Alimwambia Chirau ageuke, akaokota changu mmoja mchangani, akatwaa mwingine mbichi, akawafunika miili kwa jamvi, akafunua shavu la kila mmoja, kisha akamwita atazame. "Yupi mbichi?"

Chirau alitazama sana. Akamwonyesha yule aliyeoza. Hakuna aliyecheka tena.

"Si kipofu," Nzai alisema huku akijipangusa vidole mchangani. "Huu ni upofu wa rangi. Wazungu wengine huuita kwa jina la mtu, Dalton, mwalimu Mwingereza wa zamani. Aligundua kwamba yeye na ndugu yake hawazioni rangi kama wenzao. Hakuficha. Mwaka wa 1794 alisimama mbele ya wasomi akawasimulia. Alidhani maji ya ndani ya macho yake yana rangi ya buluu, akaagiza kwamba akifa, jicho lipasuliwe litazamwe."

"Akh," Tembo akasema. "Wakalipasua?"

"Wakalipasua. Maji yalikuwa maangavu, kumbe alikosea. Lakini jina lake likabaki kuwa jina la hali hiyo. Waingereza wengine walichukia, wakasema ni aibu mtu mkubwa kukumbukwa kwa kasoro. Mimi sioni aibu. Yeye alisema, na kwa kuwa alisema, leo najua kinachomsibu Chirau."

Bi Biasha aliinama akaanza kuwazoa wale samaki kwa mikono yake. "Nisamehe, Kaka Suleiman."

"Yamekwisha, dada. Twaa hawa wa leo, wageni wasilale njaa."

Chirau alisimama mbele ya mzee, kichwa chini. "Nisamehe, babu. Macho yangu yamekutia aibu."

"Macho yako hayakunikosea," Mzee Suleiman alisema. "Hukuyaumba wewe. Ulimi wako ndio ulionikosea, na huo unauongoza mwenyewe. Asiyeona rangi huuliza, akaambiwa. Anayeficha humtia mwenzake shimoni. Sasa kasugue kikapu cha mama yako."

Chirau alikisugua kwa mchanga na maji ya bahari mpaka vidole vikamwuma. Jumamosi iliyofuata pua ilikuwa imezibuka, lakini hakunusa. Alifunua shavu la changu, akainua kichwa mbele ya watu wote, Tembo akiwa miongoni mwao.

"Mzee Suleiman, haya ni mekundu?"

Tembo ndiye aliyejibu kwanza. "Mekundu. Mchukue huyo."