Waya wa Tatu

Kila siku ya masomo, Sephora alitoka shuleni saa saba mchana na kupitia bohari ya Mama Kavugho kabla ya kwenda nyumbani. Bohari hiyo iko mtaa wa Naviundu, karibu na mto, na nyuma yake kuna kontena kubwa la baridi la kutunzia samaki wa maboksi wanaotoka Namibia. Mama yake Sephora, Marie-Thérèse, na wanawake wengine kumi na mmoja wa sokoni walinunua samaki hapo, kisha wakaacha maboksi yao humo humo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na friza nyumbani. Kazi ya Sephora ilikuwa kubeba beseni la samaki wa jioni hadi kwenye meza ya mama yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na shingo yake ilishazoea mzigo.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, siku ya joto kali, aliwakuta wanawake wote wamesimama mbele ya kontena. Mota ya baridi ilikuwa imezimika.

"Nitamwita fundi Ngosa," alisema Mama Kavugho, mkono ukiwa ndani ya mkoba akitafuta simu. Alikuwa mfanyabiashara kutoka mji wa Butembo, mwanamke wa maneno machache, na siku hiyo lori lilikuwa likimngoja aende Sakania, mpakani, kupokea mzigo.

Marie-Thérèse akamsogelea. "Mama Kavugho, tafadhali. Mwanangu Gauthier ana diploma ya umeme. Alisoma miaka minne shule ya ufundi, akapata asilimia sitini na nane kwenye mtihani wa Serikali. Sasa ni mwaka wa pili anakaa tu nyumbani. Mumujaribu, Mama."

Mama Kavugho alilitupia jicho lile lori. "Basi aje. Akiitengeneza, kazi ya kutunza mitambo ya depo hii ni yake."

Sephora alikimbia kumwita kaka yake. Gauthier alivaa shati safi, akaazima bisibisi kwa jirani, akaja mbio. Walipofungua kifuniko cha mota, Sephora alimmulikia kwa simu. Ndani mlikuwa na nyaya tatu nene. Mbili zilikuwa nzima. Ya tatu ilikuwa imeungua, ncha yake nyeusi kama mkaa.

Gauthier aliziangalia muda mrefu. Mwishowe alichukua tepu nyeusi, akaizungusha kwenye ile ncha iliyoungua mpaka isionekane, akakaza zile mbili nyingine na kuwasha swichi. Taa ya kijani ikawaka. Mota ikanguruma kwa shida, kama mtu anayekohoa, kisha ikanyamaza.

Dereva wa lori alikuwa akipiga honi. "Iko muzuri?" aliuliza Mama Kavugho kutoka mlangoni, macho yake kwenye taa ya kijani.

"Iko muzuri, Mama," akajibu Gauthier.

Wanawake walikuwa wameshatoa samaki wa kuuza Jumamosi, hivyo Mama Kavugho akafunga kontena kwa kufuli, akatia ufunguo mkobani na kumwagiza mzee Raoul, mlinzi wa bohari, akae langoni mpaka Jumatatu. Lori likaondoka.

"Yaya, mota imenyamaza," Sephora alimnong'oneza kaka yake.

"Inapumzika. Itawaka yenyewe."

"Na ule waya mwingine?"

"Ufunge mdomo, Sephora! Unataka nirudi kukaa nyumbani?"

Jioni ile Marie-Thérèse alichinja kuku. Alicheka, akawaita majirani, akawaambia mwanawe amepata kazi. Sephora alitafuna nyama bila kuonja utamu. Jumapili, baada ya misa, mama yake alibaki kanisani amepiga magoti akimshukuru Mungu. Sephora alisimama nyuma yake, maneno yako tayari kinywani. Lakini Gauthier alimkazia macho kutoka mlangoni, naye akayameza.

Jumatatu mchana alinusa kabla hajaona. Harufu ilimpokea barabarani, nzito, ikashika koo na kukataa kutoka. Chini ya mlango wa kontena yalitiririka maji ya rangi ya waridi yenye povu, na inzi walikuwa wameyafunika hata yakaonekana yanatembea. Mama Kavugho, aliyekuwa amerudi muda huo huo, alipofungua kufuli, hewa ya moto iliwapiga usoni. Maboksi yalikuwa yamelowa na kupasuka, samaki wamevimba, matumbo yamefunguka, macho yamegeuka ute. Mama Léonie, aliyeuza meza moja na Marie-Thérèse, aliinama ukutani akatapika. Wanawake wengine walianza kulia. Ndani ya kontena lile ndimo mlimokuwa na chakula cha watoto wao na karo zao za muhula.

"Gauthier!" aliita Mama Kavugho. "Nini hii?"

Gauthier alijipangusa jasho. "Mama, mimi niliacha taa inawaka, mulijionea wenyewe. Labda mzee Raoul alizima swichi. Wazee hawa wanachezea vitu."

Mzee Raoul alikuwa amesogea karibu kusikiliza. Miaka kumi na minane alikuwa ameketi kwenye lango lile. Mama Kavugho alimgeukia, uso umekunjamana.

"Raoul, ni kweli?"

"Mama, tangu Ijumaa sijafika huku nyuma. Ninaapa."

Sephora alimtazama mzee, akamtazama kaka yake aliyevaa shati lake safi. Alimwonea kinyaa Gauthier, mtu aliyemfundisha kusoma, na alipokumbuka siku tatu alizokaa kimya alijionea kinyaa mwenyewe pia.

"Si mzee Raoul," alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Kuna waya umeungua. Yaya aliufunga kwa tepu. Mota ilinyamaza pale pale Ijumaa, nami nilisikia. Nilijua, na sikusema."

Marie-Thérèse alikaa chini kwenye tope, hakujali kitambaa chake.

Fundi Ngosa alifika saa tisa. Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa Sakania, aliyejifunza kazi ng'ambo ya mpaka, Zambia. Alijifunga kitambaa puani, akafungua kifuniko cha mota, akabandua ile tepu. Hakumkemea Gauthier. Alimuuliza tu, "Sheria ya Ohm inasemaje?"

Gauthier aliisema kwa Kifaransa, haraka, bila kukosea hata neno.

"Vizuri sana. Mota hii inahitaji nyaya ngapi ili izunguke?"

Gauthier alizihesabu nyaya kwa macho, akainamisha kichwa.

"Tatu. Mbili zinawasha taa tu," Ngosa akasema, akampa kipimo cha umeme. "Nionyeshe umeme umekatika wapi."

Gauthier alikishika kipimo kile juu chini. Aliweka ncha zake hapa, akaziweka pale, kisha akakirudisha.

"Sijawahi kukishika," alisema, na sauti ikamvunjika. "Shuleni kwetu hakukuwa na karakana. Mwalimu alichora mota ubaoni, nasi tukaichora kwa kalamu za rangi. Aliyechora vizuri alipata alama nyingi. Siku ya mtihani wa Serikali majibu yalikuja kwenye simu. Msimamizi alisimama mlangoni akatazama uani mpaka tulipomaliza kunakili. Nyumbani mama akaniita fundi, mtaa mzima ukaniita fundi. Ningesema nini?"

"Ungesema hujui," Ngosa alijibu. "Neno moja tu lingeokoa kontena zima."

Mama Kavugho alitema mate chini. "Miaka minne! Miaka minne mtu anafundishwa kuchora mota! Mimi ninatafuta fundi, yeye anatafuta kazi, tunakaa mtaa mmoja, na bado hatukutani. Ardhi hii imejaa shaba, lakini mtambo ukikufa tunavuka mpaka kumtafuta mtu wa kuufufua. Pesa inatoka inakwenda huko, vijana wetu wanabaki vibarazani na diploma zao. Inachukiza. Inachukiza kuliko samaki hawa."

"Hata sisi tunachora," Sephora alisema polepole. "Shuleni kuna sanduku la vifaa vya ufundi, limefungwa kwenye ofisi ya mkuu wa shule. Mwalimu Aristote anasema hawaruhusiwi kulifungua, vifaa visije vikaharibika."

Mama Kavugho alimtaka aeleze tena sanduku hilo liko wapi.

Jioni hiyo na siku mbili zilizofuata, Gauthier na Sephora walizoa samaki waliooza. Walichimba shimo, wakawafukia, wakasugua kontena kwa majivu na sabuni mpaka vidole vikachubuka. Harufu iliingia kwenye nywele na kwenye godoro. Hata mkate walioula ulinukia samaki. Shuleni Dorine, rafiki yake wa dawati moja, alihama akaenda kukaa mbele. Sephora hakumlaumu.

Siku ya pili Gauthier alimfuata mzee Raoul langoni. "Papa Raoul, nilitaka kukutupia kosa langu ili nijiokoe. Munisamehe."

Mzee alifunga lango kwanza, kisha akageuka. "Nimesamehe," alisema mwishowe. "Lakini ile siku sitaisahau, na wewe usiisahau."

Mama Kavugho aliwagawia wale wanawake kumi na wawili maboksi ya kuanzia kutoka mzigo mpya, na Ngosa akarudisha waya wa tatu mahali pake kwa dakika ishirini. Kazi aliyoahidiwa Gauthier ilipotea. Lakini alipomwona Ngosa anakusanya vifaa vyake, alimwendea.

"Mama Ngosa, mimi sijui kitu. Munifundishe. Nitabeba hata sanduku."

"Utabeba sanduku miezi mitatu," Ngosa akasema. "Ukigusa waya bila kupima, unaenda nyumbani."

Gauthier alibeba. Alivuta nyaya kwenye dari zenye popo, alipanda nguzo, alikosea, akarekebishwa, akakosea tena. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata alifunga mota ya kinu cha unga huko Luano, Ngosa akiwa amekaa pembeni amekunja mikono. Ilipozunguka, Ngosa alisema tu, "Twende. Kuna nyingine."

Shuleni kwa Sephora ulifanyika mkutano wa wazazi. Mama Kavugho, ambaye mwanawe mdogo alisoma hapo, alisimama na kutaka sanduku lile lifunguliwe.

"Tutaliweka kwenye ajenda ya muhula ujao," mkuu wa shule akajibu.

"Hapana. Ninataka ufunguo."

"Mama, vifaa vikipotea nitaulizwa mimi."

"Na watoto wakipotea, nani anaulizwa?"

Wazazi walianza kunong'ona, kisha kupiga meza, mpaka mkuu akatoa ufunguo. Mwalimu Aristote mwenyewe akainuka akaenda ofisini, akarudi na sanduku mabegani. Lilikuwa na vumbi nene juu yake. Ndani, bisibisi, koleo na vipimo vya umeme vilikuwa bado kwenye nailoni, risiti ya miaka sita iliyopita imelala juu yake. Mtu mmoja kwenye kona alisonya.

Mwalimu Aristote aliona haya. "Mimi pia nilifundishwa kwa kuchora," alisema. "Nitahitaji mtu wa kunionyesha."

"Ngosa atakuja kila Jumatano," Mama Kavugho alisema. Kisha aliwageukia wanafunzi waliokuwa wamebanana dirishani, Sephora miongoni mwao. "Na ninyi munisikilize. Mukipewa alama kwa kitu musichokijua, musifurahi, mumeibiwa. Mukinakili, mumejiibia wenyewe. Siku moja mtu atawakabidhi mota, au mgonjwa, au daraja, na hataomba kuona karatasi yenu. Kama hamujui, semeni hamujui siku hiyo hiyo, na mutafute wa kuwafundisha. Nchi haijengwi na watu wanaoogopa neno hilo."