Kimya Alichokitunga Maître Anaclet

Kwaya nzima ilikuwa imenyamaza kama ilivyoagizwa, na bado kuna aliyeitika.

Sauti ilikuwa ndogo, imetoka nyuma ya kinanda cha kanisa, mahali pasipokaa mtu. Maître Anaclet, mwalimu wa kwaya, akashusha mikono.

"Nani njo alijibu?"

Waimbaji wakatazamana. Floribert, kiongozi wa sauti za chini, akajikuna shingo. "Hapana siye, Maître. Ulisema tunyamaze, tulinyamaza."

Anaclet akacheka, akasema kanisa tupu lina mwangwi wake. Lakini mwangwi hurudisha ulichosema. Huu ulikuwa umejibu swali la wimbo.

Mwaka ule wa 1954 jina la Anaclet lilikuwa limeenea cité yote, mitaa ya Waafrika ya Élisabethville. Mapadri walimfundisha noti, naye akawa mtunzi hasa, misa zake zikaimbwa hadi kambi za reli. Sasa mwalimu mmoja wa muziki kutoka Ubelgiji alikuwa anakuja kwa Pentekoste kusikiliza utunzi wake mpya, na akiridhika angemchukua akasome kwao. Anaclet alikwisha kushonesha koti zito la baridi ya Ulaya, akawa analivaa hata akienda kunyoa. Watu walimcheka, naye akawaacha wacheke.

Utunzi huo aliutoa katika wimbo wa marehemu mama yake, mkulima wa Lukafu. Kule nyasi zikiwazidi wanawake kimo, mmoja huita kutoka shambani mwake, "Nani iko kule?" na wa shamba la jirani huitika papo hapo, "Njo siye, ba kwenu!" yaani ndio sisi, watu wa kwenu. Mama yake alimkataza kabisa kuuanza akiwa peke yake. Swali lile, alisema, haliachwi wazi, maana si binadamu tu wanaolisikia. Anaclet aliyajua hayo vizuri. Lakini vitabu vya mapadri vilimfundisha pia uzuri wa kimya, basi akalikata jibu la wanawake wale na kuweka kimya kirefu mahali pake. Wa kuita alimchagua binti yake Annie, mtoto wa sauti nyembamba isiyotetemeka.

Katika mazoezi yaliyofuata, king'ora cha kiwanda kilipokwisha kulia na moshi wa shaba ukiwa bado unakera koo, Annie aliita, na ndani ya kimya kile ikapanda harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Kisha jibu likaja, karibu zaidi, na safari hii lilikuja kwa sauti ya Annie mwenyewe. Annie alikuwa amefumba mdomo.

Asubuhi Laurentine, mkewe Anaclet, alimvuta mumewe kando. "Baba Annie," alinong'ona, "mutoto anafungula kinywa, sauti haitoke. Hata maji hajue kuomba."

Anaclet akaingiwa na hofu ya kweli. Hakubisha Laurentine alipomleta Mama Mwajuma, mjane Mwislamu wa Maniema ambaye hata Wakatoliki humwendea kwa mlango wa nyuma. Mama Mwajuma akachoma ubani, akamsomea mtoto. Nyumba ilikuwa imefungwa, upepo haukuwepo, lakini moshi ukainama ukaelekea kule lilikokuwa kanisa.

"Moshi peke yake haitamufukuza," alisema polepole, akichelea kusikika. "Mulimuuliza nani iko kule, alafu mukamuachia nafasi. Akajibu. Sasa anasema yee njo muntu wa kwenu. Kwa kanisa mulimuitia, kwa kanisa mutamufungia mulango. Kule sauti itamurudilia. Akiita, mujibu mbio, mbele ya yee kujibu. Unanisikia, Maître? Mbele yake. Kama hapana, mutoto atamufuata."

"Tutajibu, Mama," Anaclet akaapa, na aliapa kwa moyo mmoja.

Siku ya pili yake mgeni akafika. Akazisoma zile noti kimya, kidole kikasimama pale palipokatwa jibu, macho yakamng'aa. "Mengine wengi wanaweza kuyaandika," alisema kwa Kifaransa. "Kimya hiki ndicho kitakachokupeleka Ulaya. Usikiguse."

Mshika mawili moja humponyoka. Anaclet alirudi nyumbani, na kwaya hakuiambia ijibu.

Jumapili kanisa lilijaa, mgeni mbele, Laurentine kwenye mabenchi ya wanawake, Mama Mwajuma amesimama nje mlangoni. Annie akapanda jukwaani, na yule mtoto aliyekuwa bubu tangu juzi akaita kwa sauti safi, "Nani iko kuleee?" Kwaya ikamtazama Anaclet, naye mikono yake akaiacha juu, akasema moyoni mara moja tu, kidogo tu, na harufu ya udongo ikapanda hata kuufunika ubani wa misa, na nyuma ya kinanda kitu kikavuta pumzi kwa nguvu, na Annie akageuza kichwa, akatabasamu kama anayemwona ndugu aliyemkosa siku nyingi, akainua mguu, akaenda hatua ya kwanza kuelekea huko, na ya pili, na ndipo baba yake alipopasua koo.

"Njo siye! Njo siye, ba kwenu!"

"Njo siye, ba kwenu!" Laurentine akapiga kelele, na wanawake wote wakadakia, na Mama Mwajuma kule nje, na Floribert na sauti zake za chini, mpaka vioo vikatetemeka. Annie akaanguka mikononi mwa baba yake. Harufu ikakatika. Mgeni akakunja noti, akachukua kofia yake akatoka, na Anaclet hakumtazama hata mgongo.

"Tata," Annie akasema, na Anaclet akalia machozi mbele ya parokia nzima.

Mchana wakakaa kula. Anaclet hakutaka kuondoa macho kwa mtoto, alimkatia bukari, ugali wa kwao, kwa mkono wake mwenyewe.

"Tata," Annie akauliza, "juu ya nini ulikawia?"

"Nilikawia wapi, mama yangu?"

"Kwa kanisa. Yee alijibu mbele yako."

Anaclet akarudisha tonge sahanini. Uani, Laurentine, ambaye hakuyasikia hayo, akaita, "Annie! Kuya utwae mboga!"

Annie alikuwa mbele ya baba yake, mdomo umejaa bukari. Kutoka chumba cha kulala, sauti nyembamba isiyotetemeka ikaitika:

"Minakuya, Mama!"