Kitanzi cha Kisima Namba Saba

Neno lilichelewa kurudi. Fundi aliliona hilo kwa macho yake mawili, asije akasema hakuonywa.

Alikuwa kwenye chumba cha mitambo cha ofisi ya maji, kompyuta mezani, akijaribu laini mpya ya faiba iliyokwenda kilomita nne mpaka kisima namba saba. Mitambo ya pampu za zamani huzungumza polepole, herufi moja baada ya nyingine, na kwa miaka mingi ilizungumza kupitia waya wa shaba, ambao radi iliuunguza kila msimu wa mvua. Safari hii waliweka kisanduku kila upande, kimoja kigeuze maneno kuwa mwanga, kingine kiugeuze mwanga kuwa maneno tena. Pampu yenyewe ilikuwa haijafungwa bado, kwa hiyo kule kisimani fundi alikuwa amechomeka kitanzi, kipande kifupi cha faiba kinachopokea kila kinachofika na kukirudisha kilikotoka. Ukituma neno, linarudi lile lile kabla hujapepesa jicho.

Hili lilikaa huko pumzi moja nzima, kama kuna mtu analisoma kwanza, ndipo likarudi.

Neno lenyewe lilikuwa Chiriku. Mafundi wengine hutuma moja mbili tatu. Yeye miaka yote alituma jina la utani la binti yake wa miaka sita, mtoto asiyefunga mdomo, anayeanza kukusimulia ndoto yake ukipiga mswaki na unavaa viatu bado hajafika katikati.

Mlinzi wa kisima hicho, mtu mzima ambaye wote walimwita Koki, alishamwambia. Kisima kile kilifungwa siku nyingi kabla ya kufufuliwa sasa, na waliokichimba walikuwa na desturi yao: pale hawaitani majina. Ukimtaka mwenzako unapiga makofi, au unamfuata alipo. Waliowahi kuitana, kuna kitu kiliitika kabla ya mwenzao. Koki hakutaka kusema zaidi ya hapo. Fundi alicheka, akasema yeye haiti mtu, anaandika tu. Mtu mzima na akili zake, akajibu hivyo.

Kisha akafanya kubwa kuliko hilo. Kwa kawaida ya kazi yao, laini mpya huachwa ijijaribu mpaka asubuhi. Kompyuta inatuma neno kila sekunde na kuhesabu yaliyokwenda na yaliyorudi, na hesabu zikilingana, kazi inapokelewa. Saa kumi na moja jioni fundi alibonyeza, akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani kula. Usiku kucha jina la mtoto wake likawa linaingia kisimani.

Saa moja asubuhi alizikuta hesabu kwenye kioo. Yaliyotumwa, elfu hamsini na mia nne. Yaliyorudi, elfu hamsini, mia nne na moja. Alizisoma mara tatu. Laini mbovu hupoteza maneno, hilo kila fundi analijua, lakini hakuwahi kuona laini inayozaa.

Simu ikaita. Alikuwa mkewe, na alisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeogopa kusikika chumba cha pili.

"Baba Chiriku, rudi nyumbani. Mtoto kaamka hasemi."

"Anaumwa?"

"Hasemi cha kwake. Nikimwambia amka, ananiambia amka. Nikimuuliza una nini, ananiuliza una nini. Na chumba chake kinanuka chuma kilicholowa."

Alimkuta kitandani, miguu imenyooka, macho yameganda kwenye mdomo wa mama yake. Harufu ilimpokea mlangoni. Akamwita. Ikapita pumzi moja nzima, ile ile ya jana, ndipo mtoto akasema, "Chiriku."

Walimwita mganga, mama mmoja wa mtaa wa pili, mwenye miwani na maneno machache. Alinusa nywele za mtoto, akauliza nani alimwita, wapi, na mara ngapi. Fundi alimweleza yote, mpaka ile moja iliyozidi, huku mkewe akimtazama kwa chuki ambayo hakuwahi kuiona usoni pake.

"Hiyo iliyozidi ndiyo imekaa hapa," mganga alisema. "Mwanao yuko kule, anazungushwa. Njia uliyompelekea ndiyo atakayorudia. Nenda, ukishike hicho kitanzi, na simu iwe sikioni. Usikichomoe mpaka nikuambie. Ukichomoa kabla, umemfungia huko."

"Nikisikia kitu je, mama?"

"Utasikia. Usijibu, na usichomoe."

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi. Koki alimfungulia geti kwa ishara za mikono na kubaki nje. Ndani ya banda palikuwa na baridi, kisanduku ukutani, na chini yake mfuniko wa chuma wa kisima. Fundi akakishika kitanzi kwa vidole viwili. Kwenye simu mganga alikuwa akisoma kwa sauti nzito, na kitu kilikuwa kikiguna kwa koo la mtoto wake. Ndipo chini ya mfuniko akamsikia Chiriku mwenyewe, kwa mbali, akisimulia ndoto yake bila kuvuta pumzi kama kawaida yake, na sauti ikawa inapanda, inakaribia, na nyuma yake kitu kingine kikawa kinapanda pia, kikikwaruza kuta kwa kucha nyingi, kikimfuata hatua kwa hatua, mpaka harufu ya chuma ikamjaa kooni na mfuniko wenyewe, ambao watu wanne huuinua kwa shida, ukanyanyuka kiasi cha kidole, na fundi, kwa hofu iliyomshuka hadi kwenye vidole, akachomoa.

Kimya. Mfuniko ulikuwa mahali pake.

"Nani kakuambia uchomoe?" mganga aliuliza. Nyuma yake mtoto alikuwa anacheka, anaongea, na mama yake analia kwa furaha.

Chiriku aliongea siku nzima, akala, akacheza. Mganga aliondoka bila kumuaga mtu. Kila fundi alipomuuliza mtoto jambo, ilipita kwanza pumzi moja, ndipo akajibu. Aliona, akanyamaza, kwa kuwa mkewe alikuwa amejilaza pembeni ya mtoto, amemkumbatia kwa mikono yote miwili.

Kesho yake asubuhi alikwenda ofisini kuizima kompyuta. Kitanzi kilikuwa mfukoni mwake. Kule kisimani ncha za faiba zilining'inia hewani, hazikuunganishwa na chochote, na upande huu hakuna kilichotumwa tangu jana. Lakini yaliyorudi yalikuwa yanahesabika, moja kila sekunde, na neno halikuwa Chiriku tena.

Baba. Baba. Baba.

Alikaa. Akaandika: Uko wapi?

Jibu lilirudi kabla hajapepesa jicho.

Huku. Baba, mbona umechomoa?