Kola Zilizonyooka

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kifungo. Mama alikuwa fundi cherehani, na siku zote alifunga vifungo vya gauni lake hadi kile cha juu kabisa, shingoni. "Mteja hamtazami fundi usoni," alikuwa akisema. "Anatazama kola." Asubuhi moja, tulipokuwa tukifungua chumba cha kazi, nikaona kifungo cha juu kiko wazi. Nilidhani amesahau. Kesho yake kilikuwa wazi tena. Siku ya tatu nilimkuta mbele ya kioo akijaribu kukifunga. Alikohoa, akakiacha.

Sikusema kitu. Shangazi, dada wa marehemu baba, alishona pamoja na mama katika chumba hicho hicho, na alikuwa ameshanipa jina: Bibi Kimya. "Leo Bibi Kimya katamka maneno manne," angewatangazia wateja. "Anueni nguo, mvua inakuja!"

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko darasa la sita. Kila siku baada ya masomo nilikuja pale kushona vifungo, kukata nyuzi na kufagia vipande vya vitambaa. Lakini kazi niliyoipenda ilikuja mara moja tu kila mwisho wa mwezi. Mama alikuwa na daftari la vipimo vya wateja, na ukurasa wa mwisho ulikuwa wetu sisi wawili. Alinipima mimi, kisha nami nikampima yeye: shingo, kifua, kiuno, nyonga. Alitushonea nguo kwa mabaki ya vitambaa, na hakupenda kukisia.

Mwisho wa mwezi ule utepe ulionyesha shingo yake ni sentimita thelathini na tano. Mwezi uliotangulia ilikuwa thelathini na tatu. Kiuno kilikuwa kimepungua kutoka themanini na mbili hadi sabini na saba.

"Umepima vibaya," mama alisema. "Mtu gani ananenepa shingo huku anakonda kiuno? Rudia."

Nikarudia. Ikawa vile vile. Nikaandika.

Wakati huo shule yetu ilikuwa imempa mama kazi kubwa: mashati sitini ya sare, yawe tayari kabla ya muhula mpya. Shangazi alikata, mama akashona. Ndipo mikono yake ikaanza kutetemeka. Kutunga uzi kwenye sindano, jambo alilozoea kulifanya huku akipiga soga, sasa kulimshinda hadi akatupa uzi chini. Alitokwa jasho wakati sisi tumevaa sweta. Alikula sahani mbili na kuuliza kama kuna kilichobaki, na bado magauni yake yalimpwaya. Nikiangusha kifungo kimoja tu, alinifokea kama nimechoma nyumba, kisha akakaa pembeni akilia.

"Wifi, mikono hiyo vipi?" Shangazi alimtania. "Unatetemeka kama umetoka kilabuni."

"Acha masihara yako. Ni uchovu."

Wateja hawakutania. Nilikuwa nimeinama nyuma ya mlango na fagio langu niliposikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Siku hizi anakunywa yule. Huoni mikono?" Uso uliniwaka kana kwamba ni mimi ninayesemwa.

Siku hiyo hiyo nilichukua shati nikalitie vifungo, nikaona kola yake. Mshono ulipanda na kushuka, na ncha moja ilikuwa ndefu kuliko nyingine. Mama yangu, ambaye mafundi wengine walimletea kola zao awatengenezee! Niliwaza, Shangazi akiliona hili, na mwalimu mkuu akiliona, kazi itapelekwa kwa fundi mwingine, na wale wanawake mlangoni watasema, si tulijua? Nikalificha shati lile chini ya fungu.

Asubuhi yake nilitangulia na ufunguo, nikasema nakwenda kufagia. Nilifumua kola kwa wembe, nikaishona upya. Mama alinifundisha kola nikiwa na miaka tisa, na nilijua kuifuata mikono yake. Shati moja siku hiyo. Mawili siku iliyofuata. Baadaye nikawa nafumua hata matatu kabla kengele ya shule haijalia. Nilijiona nina akili sana.

Mwisho wa mwezi wa pili nilipima tena. Shingo thelathini na sita, kiuno sabini na mbili. Safari hii mama hakuniambia nirudie. Alivuta utepe kutoka mikononi mwangu, akaenda kukaa kwenye cherehani.

Shangazi naye aliacha utani. "Wifi, nenda hospitali. Nakuambia kwa dhati. Macho yamekutoka kama mtu aliyeshtushwa."

Mama alinyanyuka, akachomoa shati kwenye fungu la yaliyokwisha, akalitandaza mbele yake. "Hebu itazame kola hii. Mgonjwa anashona hivi?"

Shangazi aliigeuza huku na huku. "Mh! Hii kweli imenyooka."

Lilikuwa shati nililolishona mimi asubuhi ile. Niliinama nikatafuta sakafuni kifungo ambacho hakikupotea.

Hatimaye Shangazi alimlazimisha, tukaenda zahanati, mimi na mama. Mama alilitia shati moja kwenye mfuko wake. Mganga alipomuuliza anaumwa nini, alijibu, "Sipati usingizi vizuri, na moyo unakwenda mbio kidogo. Lakini kazi nafanya kama kawaida." Akalitoa shati, akalikunjua juu ya meza.

Mganga alicheka. "Mama, mikono inayoshona hivi haina tatizo. Umechoka tu. Pumzika." Akaandika dawa ya maumivu.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, mkoba wa shule mapajani, na ndani yake daftari la vipimo, ambalo siku hizo nilitembea nalo. Mdomo wangu ulifunguka. Mganga akaniona.

"Una swali, binti?"

Nikatikisa kichwa.

Mwezi wa tatu, shingo thelathini na saba, kiuno sitini na nane. Wiki moja baadaye niliingia kutoka shuleni nikamkuta mama anakanyaga cherehani kwa kasi, lakini chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Sindano ilichoma hewa.

"Mama?"

Alinitazama kama mtu aliye mbali. "Moyo," alisema. "Unaruka." Kisha akaanguka upande, na gurudumu la cherehani likaendelea kuzunguka peke yake.

Shangazi alipiga kelele hadi seremala wa chumba cha pili akaja mbio na mkokoteni wake, vumbi la mbao likiwa bado ndani yake. Tulimlaza mama hapo. Nilikimbia pembeni nikimshika mkono, na mkono ule ulikuwa wa moto na umelowa, na mshipa wa shingo yake ulidunda haraka hivi kwamba sikuweza kuuhesabu. 

Hospitalini daktari, mwanamke mwenye miwani, alimsikiliza kifua na uso ukabadilika. "Mapigo mia moja na sitini. Hali hii imeanza lini?"

"Daktari, sijui nikuambie nini," Shangazi alisema huku akilia. "Alikuwa anashona vizuri tu! Mashati yake yamenyooka kabisa."

"Anakunywa pombe?"

Shangazi alisita. "Watu wanasema..."

"Hanywi!" Sauti ilitoka kubwa hadi wote wakanigeukia. Nilichomoa daftari mkobani, nikalifungua ukurasa wa mwisho, nikamwekea daktari mikononi.

Alisoma safu ya shingo ikipanda na safu ya kiuno ikishuka. "Nani kaandika haya?"

"Mimi."

Hakuuliza zaidi. Aliweka vidole viwili shingoni mwa mama, chini ya koo, akamwambia ameze mate. Nikaona uvimbe laini ukipanda na kushuka pamoja na koo. Daktari akaagiza damu yake ipimwe na akaanza dawa ya kutuliza moyo pale pale.

"Ni tezi hii ya shingo," alituambia nje ya wodi. "Mwili una tezi nyingi. Baadhi yake hutengeneza homoni, na homoni ni kama maagizo yanayosafiri ndani ya damu. Kongosho hutuma maagizo kuhusu sukari. Tezi zilizo juu ya figo hutuma yao unapoogopa, ndiyo maana moyo unakwenda mbio ukifukuzwa na mbwa. Hii ya shingo hupanga mwendo wa mwili mzima: moyo upige haraka kiasi gani, chakula kitumike haraka kiasi gani, mwili uwe na joto kiasi gani. Na yenyewe ina msimamizi, tezi nyingine chini ya ubongo, ndogo kama njegere. Inaiambia ongeza, punguza."

"Kama mguu na cherehani," Shangazi alisema.

"Hasa. Ila hii ya wifi yako haisikii mguu tena. Mguu umesimama, cherehani bado inakwenda. Ndiyo maana anakula na kukonda, anatetemeka, ana hasira. Si ulevi wala si tabia mbaya."

"Atapona?" Shangazi aliuliza.

Daktari alivua miwani yake. "Moyo umefanya kazi kupita kiasi. Siku mbili hizi sitaki kuwadanganya. Tungempata miezi miwili iliyopita, angekuja kwa miguu yake na kurudi kwa miguu yake."

Miezi miwili iliyopita. Niliyasikia maneno hayo kwa siku mbili nzima, nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi. Kila muuguzi alipotoka nilimtazama uso kabla hajafungua mdomo. Sikula. Shangazi alinifunika kwa kanga yake, akaniita mwanangu, wala hakutania hata mara moja, na hilo lilinitisha kuliko yote.

Siku ya tatu mapigo yalishuka hadi mia moja na kumi. Majibu ya damu yalikuwa kama daktari alivyosema. Siku ya tisa mama aliomba uji, akanywa kikombe kimoja tu, akasema ameshiba. Shangazi alitoka nje kwenda kulia kwa furaha.

Tulipokuwa tunaondoka, daktari alimpa mama vidonge vya kuituliza tezi. "Utavinywa kwa muda mrefu. Utajisikia mzima ndani ya wiki chache, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaacha. Wewe usiache mpaka nikuambie, na damu uje tuipime." Kisha aliniwekea mkono begani. "Mwili ukianza kuharibika hutoa ishara ndogo ndogo. Mwenye kuiona asiifiche, hata kama ni ya aibu. Aipeleke kwa mtu wa kusaidia, na aseme yote. Mtoto huyu aliona, akaandika, na daftari lake ndilo lililotuonyesha njia mapema."

Muhula ule sikurudi shuleni. Mashati kumi na sita yaliyobaki tuliyamaliza mimi na Shangazi, na mama hakuweza kufanya kazi peke yake kwa muda mrefu, nikabaki kwenye cherehani. Kila mteja aliyeingia, Shangazi alimwonyesha daftari. "Mnamwona Bibi Kimya? Ndiye aliyemwokoa mama yake!" Walinisifu, nami niliinama. Walidhani ni haya.

Mwisho wa mwezi wa sita nilimpima mama. Shingo thelathini na nne, kiuno sabini na tisa. Alisimama mbele ya kioo, vidole vyake vimetulia, akafunga kifungo cha juu. Kilifunga. Alicheka peke yake, kisha akachukua shati la mwanafunzi mmoja, lililoletwa kushonewa kifungo kilichokatika. Aliigeuza kola, akaitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya mshono.

Utepe ulikuwa bado mkononi mwangu.

"Mama," nilisema, "kola hiyo niliifumua mimi, nikaishona upya. Hiyo na nyingine ishirini na sita. Niliona unaumwa kabla ya mtu yeyote, nikaona aibu, nikakuficha ugonjwa wako wewe mwenyewe."