Hodi ya Shimoni

Kipaza sauti kilikuwa kinanuka udongo mbichi. Dokta Nasri alikipangusa kwa leso, akakirudisha mdomoni, na harufu ikawa palepale. Ukumbi wa hoteli ile ya Mbeya ulijaa wasomi wa nchi nyingi, kila mmoja na kitambulisho shingoni, wakingoja awaeleze jinsi kompyuta inavyoweza kutabiri kuporomoka kwa mashimo ya dhahabu. Tena mchana kweupe. Jini gani angethubutu kujileta mbele ya maprofesa wote wale?

Sauti za mwamba alizokuja nazo zilinaswa Chunya. Aliyeshuka na vinasa sauti alikuwa mwanafunzi wake, Ambokile. Pale mdomoni mwa shimo kijana alisita, akataka kupiga hodi kwanza, maana wachimbaji wa pale wanasema shimo lina mwenyewe, jini, na kwa mtu huingii hivihivi.

"Shuka kimya," Nasri alimwambia. "Utaharibu data."

Ambokile akashuka kimya. Mwamba ukalia, shimo likamfukia.

Mazishini Nasri alimwambia mama wa marehemu, Joyness, kwamba kijana aliingia bila ruhusa. Uprofesa ulikuwa karibu, na ukweli ungemponza. Mama yule akainamisha kichwa, akamwomba radhi kwa niaba ya mwanawe. Akamwomba radhi yeye! Tangu siku ile Nasri hakuwahi kula chakula kikashuka vizuri.

Mzee Kalinga, mmiliki wa shimo, alikuwepo shimoni na mazishini, akasikia yote mawili, ile amri na ule uongo. Alimvuta pembeni.

"Dokta, mwenye shimo atakufuata. Lakini ana adabu kuliko nyie, atapiga hodi kwanza. Mtu yeyote asimwitikie mpaka uwe umemwambia ukweli yule mama. Akikaribishwa wakati ukweli bado uko tumboni mwako, hautatoka tena."

Nasri aliyaita hayo mambo ya wachimbaji. Msomi na jini wapi na wapi?

Sasa, jukwaani, akabonyeza kitufe cha rekodi, na mwamba ukaanza kulia ukumbini, tik, tik, kama kuni mbichi motoni. Halafu katikati ya mlio, taratibu, ikaja sauti aliyoijua, ya Ambokile.

"Hodi."

Rekodi ile alikuwa ameisikiliza mpaka kuikariri. Hodi haikuwemo. Akaizima haraka.

"Hodi," sauti ikarudia, safari hii nyuma ya mlango wa ukumbi.

Akasema moyoni, basi, leo naumwaga ukweli wote, uprofesa na uende.

"Ndugu zangu," alinong'ona, "msiitikie. Kuna kijana..."

Lakini mwenyekiti wa kikao, mzee mgeni aliyekuwa akijifunza Kiswahili wiki nzima na kutafuta pa kukitumia, alitabasamu, akainuka kwa heshima zote.

"Karibu! Karibu sana!"

Mlango ukafunguka na hakuonekana mtu, ila zulia likaanza kubonyea hatua kwa hatua, likiacha tope jekundu, na ile harufu ikapita mstari hadi mstari huku watu wakiziba pua na kuulizana kwa macho, ikapanda jukwaani, ikamzunguka Nasri, ikamwekea mkono wa baridi kooni wakati yeye akihangaika kutamka kwamba ni mimi, ni mimi niliyemwambia ashuke, na pumzi yenye vumbi ikamjibu sikioni kwa upole wa mwanafunzi mtiifu:

"Kimya, mwalimu. Utaharibu data."

Nasri hajasema neno tena. Madaktari wanasema koo ni zima. Akishika kalamu, vidole vinakufa ganzi.

Juzi alipanda basi hadi Nyololo, kwa Joyness. Alisimama nje ya mlango wa mama yule, akafungua kinywa apige hodi. Kikatoka kikohozi tu, na chembe za udongo mwekundu.

Joyness alisikia kikohozi, akachungulia.

"Jamani, mwalimu! Mbona umesimama tu nje? Karibu ndani, karibu." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Na naomba tena unisamehe, baba. Yule mtoto sikumfundisha kusikia."